Karani wa Kituo cha Nne

Jimbo la Mikungu Miwili halipo tena. Usilitafute
kwenye ramani ya Tume, wala kwenye kile kibao cha njia panda:
walikifuta kwa rangi ya kijani
iliyobaki walipomaliza kupaka vyoo vya shule.

Mimi ndiye niliyezihesabu kura zake.
Mwaka wa sabini, darasa la tatu B,
madawati ukutani, karabai inakoroma,
wagombea wawili wa chama kimoja:
huyu Jembe, yule Nyumba.
Jembe alikuwa Pazi Mwinshehe, fundi cherehani,
hajapata kulima hata mchicha.
Nyumba alikuwa Rweyongeza, mpangaji,
anadaiwa kodi ya miezi mitatu.
Tulicheka, tukahesabu.
Jembe akashinda kwa kura kumi na tisa
na Nyumba akahama usiku, na godoro lake.

Pazi aliahidi bomba.
Bomba lilikuja baada ya miaka kumi.
Maji yalichelewa kidogo.

Themanini na tano akasimama Bi. Sikujua Kondo, muuza vitumbua.
Wanaume barazani wakauliza, huyu atakwenda kusema nini bungeni?
Akasema: Sijui, ndilo jina nililopewa.
Lakini nitauliza.
Akauliza kuhusu mtaro. Akauliza tena. Mwaka wa tatu
wakaja wachimbaji, na mvua ya masika
ikajifunza njia ya kwenda Msimbazi
bila kupita kwanza vyumbani mwetu.

Kisha vyama vikawa vingi, alama nyingi,
na karatasi ya kura ikawa ndefu kama orodha ya mahari.
Tisini na tano watu walipanga foleni tangu adhana ya alfajiri;
karatasi zilitufikia saa tisa alasiri,
wino haukuja kabisa.
Kura za jiji zima zikafutwa, zikarudiwa.
Mara ya pili foleni iliishia mlangoni.
Nilijaza fomu: waliojiandikisha, waliopiga, zilizoharibika.
Waliochoka hawana mstari wao.

Nitakuambia siri ya karani:
walioshinda nimewasahau, hata yule wa kofia na khanga za bure,
hata yule aliyegawa chumvi.
Ninazozikumbuka ni zilizoharibika.
Mmoja aliandika, *nadaiwa maji ambayo hayatoki.*
Mmoja aliweka alama ya vema kwa wote, kwa mwandiko mzuri,
kama mwalimu asiyependa kumwangusha mtoto.
Na mwaka wa elfu mbili na tano, pembeni, kwa kalamu iliyokwaruza:
*Sikujua Kondo.*
Alikuwa na miaka minne kaburini.
Mawakala wakaniangalia.
Nikasema, imeharibika.
Mkono uliandika. Mimi sikuwemo.

Halafu wakaja vijana wa kugawa, na vipimo vyao.
Watu mmezidi, wakasema, jimbo halibebeki.
Wakatafuta mahali pa kupitisha mstari,
wakauona mtaro.
Upande huu kwa jirani wa mashariki, upande ule kwa wa magharibi.
Mtaro wa Bi. Sikujua! Alioupigania usitutenganishe na nyumba zetu.
Sasa mke wangu akitupa maji ya vyombo
anayamwaga mpakani.

Siku hizi napigia kura ng'ambo, navuka ubao mmoja.
Karani wa huko ni binti mdogo, mpole.
Mzee, jimbo?
Ulimi ukatangulia: Mikungu Miwili.
Akatafuta, akapekua, akatafuta tena kwa adabu.
Hakuna, mzee.
Nikamwambia, najua, mwanangu. Andika lenu.

Nyumbani ninalo sanduku moja la zamani, la mbao,
walilitupa stoo ya shule, nikaliomba.
Tunawekea unga wa dona.
Tundu lake juu bado liko, jembamba,
linatosha karatasi iliyokunjwa mara mbili.
Jana nimelifungua, na juu ya unga
kipande cha daftari, kimekunjwa hivyo hasa.
Mjukuu alikuwa mlangoni, ananitazama.
Sikukikunjua.
Nilikipukuta unga, nikakirudisha,
nikateka dona ya jioni kwa pembeni.